Ulinganisho: Preppy, Metropolitan, Safari au Jinhao? Natafuta kalamu ya wino ya kila siku isiyoumiza mfuko

MwalimuMoro

Wakuu, habari za leo.

Ninafundisha sekondari. Mkono wangu hauishi kuandika maandalio ya masomo na kusahihisha madaftari. Bic zinanichosha, maana lazima uikandamize ndipo itoe wino, na jioni kidole gumba kinauma. Mwenzangu ameniazima kalamu yake ya wino na nimeona tofauti kubwa: unaigusisha tu kwenye karatasi, inaandika.

Nimesoma huku na kule, nimebaki na majina manne: Platinum Preppy, Pilot Metropolitan, Lamy Safari na Jinhao X750. Mazingira yangu ni haya. Karatasi ni ya daftari la kawaida na kaunta buku, si karatasi za kifahari. Likizo ikifika kalamu inaweza kukaa mwezi bila kuguswa. Na nahitaji wino wa bluu pamoja na mwekundu, kwa hiyo huenda zikawa kalamu mbili.

Waliozitumia naomba mnieleze, hasa kuhusu nibu, yaani ile ncha ya chuma inayoandika.

FundiNibu

Mwalimu, kwa mazingira hayo chukua Preppy, tena mbili, zenye nibu ya 03, yaani ya milimita 0.3. Moja ya bluu, moja nyekundu. Zinauzwa zikiwa tayari na katriji (kichupa cha plastiki chenye wino, kikiisha unatupa) ya rangi hiyo, na mtandaoni bei yake huwa chini ya dola 10 kwa moja.

Sababu ya kwanza ni kifuniko. Ndani ya kifuniko cha Preppy kuna kikombe kidogo chenye springi kinachoiziba nibu kabisa ukifunga. Platinum wanasema wino unaweza kukaa hadi mwaka bila kukauka. Hata ukipunguza dai hilo kwa nusu, likizo yako imo ndani. Kalamu nyingi za bei hiyo ukiziacha wiki tatu kwenye joto letu unakuta maji yamekwenda na wino umebaki kama uji kwenye nibu.

Ya pili ni unene wa mstari. Nibu za Kijapani ni nyembamba kuliko za Ulaya hata kama zote zimeandikwa F (nyembamba) au M (ya kati). Karatasi ya daftari hunyonya: ukiiwekea nibu pana, wino unasambaa kwenye nyuzi za karatasi na kupenya upande wa pili, na mwanafunzi hawezi tena kuandika nyuma ya ukurasa. Nibu ya 03 inaweka wino kidogo, unakauka haraka.

Safari ni kalamu nzuri sana. Imekuwa sokoni tangu 1980, plastiki yake ni ngumu, ina kidirisha cha kuonyesha wino uliobaki. Ila F yao kwenye daftari inaandika kama M ya Kijapani, na pale pa kushikia pamekatwa pembe tatu. Kama vidole vyako vinakaa sawasawa na pembe hizo, raha. Kama unashika kwa namna yako mwenyewe, itakusumbua kila siku na hakuna marekebisho yatakayosaidia. Ishike kwanza dukani kabla ya kulipa. Uzuri wake mkubwa ni kwamba nibu inachomoka: unabandika kipande cha selotepu juu yake, unavuta mbele, unaingiza nyingine. Ukiharibu nibu hujaharibu kalamu.

Jinhao X750 ni ya chuma, nzito, nibu yake ni kubwa ile ya namba 6, na inakubali konvata (kipampu kidogo cha kuvutia wino wa chupa badala ya katriji) za kawaida za kimataifa. Kwa dola chache unapata kitu kinachoonekana cha bei. Lakini nibu zake hazilingani: moja inateleza kama imepakwa mafuta, nyingine ya boksi hilo hilo inahitaji kurekebishwa kabla haijaandika ukurasa. Namshauri aichukue mtu anayetaka kujifunza ufundi wa nibu. Mwenye rundo la madaftari mezani hana muda huo.

WakiliNairobi

FundiNibu amesema vizuri, lakini mimi naipinga Preppy kwa mtu anayetembea nayo. Plastiki yake ni nyepesi. Mdomo wa kifuniko hupata ufa baada ya muda, na klipu ukiipachika kwenye mfuko wa shati zito inakatika. Ufa ukishaingia kwenye kifuniko, ule uzuri wa kuziba hewa umekwisha.

Metropolitan ina mwili wa shaba nyeupe, haivunjiki kirahisi, na nibu yake ndiyo yenye kuaminika kuliko zote nne. Nimeandikia kadhaa, za kwangu na za wenzangu ofisini, na zote zimeandika vizuri zilipotoka tu kwenye boksi. Bei ni dola 20 na kidogo. Kasoro yake ni ile ngazi kati ya mwili na sehemu ya kushikia, wengine inawakwaruza kidole. Pia inakubali katriji na konvata za Pilot peke yake, kwa hiyo hakikisha konvata imo kwenye boksi, la sivyo utakuwa mtumwa wa katriji zao.

Halafu mwalimu, jambo ambalo watu hulisahau: wino wa bluu ya kawaida ule unaofulika hutoka kwa maji. Kwenye andalio la somo hakuna shida. Kwenye ripoti, fomu au hundi usiutumie kabisa. Kwa sahihi zangu natumia wino wa chuma, ule unaoingia kwenye karatasi ukiwa bluu kisha unageuka mweusi kwa hewa. Pelikan 4001 ya bluu-nyeusi ni wa aina hiyo. Ni wino wenye asidi, kwa hiyo usiuache ukaukie ndani ya kalamu yenye nibu ya chuma. Ioshe mara kwa mara.

BintiTanga

Naomba kuingilia, mimi ni wa mkono wa kushoto, na wa kushoto wote mnaosoma hapa naomba mnisikilize.

Sisi mkono unafuata nyuma ya maandishi, tunafuta tulichoandika. Tena nibu tunaisukuma badala ya kuivuta, kwa hiyo kasoro ndogo ambayo wa kulia haioni, kwetu inachana karatasi. Nibu ya Kijapani nyembamba pamoja na wino mkavu, yaani usiotoka kwa wingi, kama Pelikan 4001 ndiyo imenifaa. Safari nayo, kwa vile wana nibu iliyotengenezwa kwa wa kushoto, inafaa kujaribiwa, japo hizo pembe tatu alizosema FundiNibu zinawabana wanaoandika kwa kupinda kiganja.

Nibu pana yenye wino mwingi iacheni. Ni nzuri kuitazama, lakini kiganja kitarudi nyumbani chote bluu.

MzeeKarani

Wanangu, hamjambo. Nimefurahi kuona bado kuna watu wanauliza mambo haya.

Shuleni kwetu dawati lilikuwa na tundu la kidau cha wino, na nibu tulichovya. Baadaye nikiwa karani nikapata Hero 616, ya Shanghai, ile ambayo nibu yake imejificha ndani na kuchungulia ncha tu. Umbo lake limeigwa kwa Parker 51, kalamu ya Wamarekani ya mwaka 1941. Kwa kuwa nibu imefunikwa, haikauki upesi ukisita kuandika, na hilo kwa karani anayesikiliza na kuandika ni jambo kubwa. Haihitaji katriji: ndani ina kifuko cha kuminya, unachovya kwenye chupa, unaminya, unaachia, inavuta. Kwa bei bado ni miongoni mwa za chini kabisa, ila siku hizi za kuigiza ni nyingi, nunua kwa mtu unayemwamini.

Mwalimu, usisahau chupa. Katriji ni gharama inayojirudia. Chupa moja ya Quink, wino wa Parker, kwa mtu mwenye konvata inakwenda muda mrefu sana.

MwalimuMoro

Shikamoo mzee wangu, na asante. Nanyi wengine asanteni sana.

Nina swali la kiufundi. Hii kalamu niliyoazimwa (sitaitaja jina, si yangu) inateleza nikivuta mstari kwenda kushoto, lakini nikivuta kwenda kulia inakwaruza. Na asubuhi herufi ya kwanza haitoki, lazima niirudie. Je, inarekebishika nyumbani au nimrudishie mwenyewe hivyo hivyo?

FundiNibu

Inarekebishika, na hiyo uliyoieleza ndiyo kasoro ya kawaida kuliko zote. Omba ruhusa kwa mwenyewe kwanza.

Nibu ina ufa katikati unaoigawa kuwa ndimi mbili. Chini yake kuna kipande cheusi cha plastiki, fidi, chenye mfereji mwembamba. Wino unashuka kwenye mfereji, unaingia kwenye ufa kwa kujivuta wenyewe kama maji yanavyopanda kwenye utambi, na hewa inarudi ndani kuchukua nafasi yake. Chochote kikivuruga njia hiyo, kalamu inasuasua. Kwa hiyo kabla ya kugusa nibu, osha. Maji ya kawaida, si ya moto, na tone moja la sabuni ya vyombo. Vuta na sukuma kwa konvata mpaka maji yatoke meupe, kisha suuza kwa maji matupu. Hata kalamu mpya ioshwe, maana hubaki na mafuta ya kiwandani. Kasoro nyingi zinaishia hapo.

Ikiwa bado inakwaruza upande mmoja, tafuta lenzi ya fundi saa, ile inayokuza mara 10. Ielekeze ncha ya nibu kwenye jicho lako, moja kwa moja, kama unaitazama ikija kukuandika. Utaona vipira viwili vidogo vimelala kando kwa kando. Vikiwa sawa, vinafanya duara moja. Vikiwa na kasoro, kimoja kimeshuka kidogo kuliko mwenzake, na ukingo wake wa ndani ndio unaokamata karatasi. Tofauti yenyewe ni ndogo kuliko unene wa unywele, ila mkono unaihisi.

Sasa weka ukucha wa kidole gumba chini ya ulimi ulioshuka, uusukume juu taratibu, ushikilie kidogo, uachie. Tazama tena kwa lenzi. Rudia. Usitumie koleo, usitumie kisu. Chuma hurudi kilipokuwa, kwa hiyo unahitaji kukipitisha kidogo zaidi ya pale unapotaka kikae. Hii kazi ni ya subira, na watu wengi wanaharibu kwa sababu wanataka ikae mara moja.

Herufi ya kwanza kutotoka ina sababu mbili. Ama wino umekauka kwenye ncha usiku kwa sababu kifuniko hakizibi, ama ufa umebana mno. Inua nibu kwenye mwanga. Ufa mzuri unaanza wazi kwenye tundu la hewa, unazidi kuwa mwembamba, na ndimi zinakaribia kugusana kwenye ncha. Kama zimebana tangu juu, pitisha kibati chembamba cha shaba cha milimita 0.05 ndani ya ufa, juu chini, polepole, bila kukizungusha.

Msasa uwe wa mwisho kabisa, nao ni ule laini wa namba 12000, si wa seremala. Kalamu iwe na wino, andika 8 chache juu yake bila kukandamiza, kisha jaribu kwenye karatasi. Kile kipira cha ncha ni madini magumu yaliyochomelewa kwenye chuma. Ukikimaliza kwa msasa hakirudi, na nibu ndiyo imekwisha.

GerejiYaWino

Kwa wasiopata kibati cha shaba: fundi magari yeyote ana fila geji, vile vibati vya kupimia mwanya, na seti nyingi zina kibati cha milimita 0.05. Nimeitumia kwenye kalamu zangu na imefanya kazi.

FundiNibu

Inafanya kazi mkuu, lakini fila geji ni chuma kigumu na kingo zake zinaweza kuchubua ndani ya ufa, tena mara nyingi ina mafuta ya gereji. Ifute kwa spiriti na usiilazimishe. Shaba ni laini kuliko nibu, kwa hiyo inasamehe mkono mzito.

WakiliNairobi

Niongeze upande wa wino, maana hapa ndipo kalamu nyingi zinakufa. Wino wa mhuri, hapana. Wino wa printa, hapana. Ule wino wa wachoraji unaoitwa wa Kihindi, hapana kabisa: una gundi ndani yake, ukikauka kwenye fidi hautoki. Nunua ulioandikwa kuwa ni wa kalamu za wino.

Na kwa mwenye kutaka kujaza mwili wote wa Preppy bila konvata, kwa mpira wa kuzibia na grisi ya silikoni, inawezekana na inabeba wino mwingi. Ila wino ukipungua, hewa iliyo ndani inapata joto la mkono, inatanuka na kusukuma tone zito kwenye ukurasa. Kwa mwalimu anayesahihisha kazi za watu sishauri.

MwalimuMoro

Nimeelewa vizuri. Nimeosha kalamu ya mwenzangu kwa idhini yake, na kwa lenzi ya fundi saa wa hapa sokoni nimeona ulimi wa kushoto umeshuka. Kwenda kulia sasa haikwaruzi tena. Asubuhi bado inasita kidogo.

Nimeamua: Preppy 03 nyekundu ya kusahihishia, itakaa mezani na haitatembea. Metropolitan F ya bluu kwa maandalio, pamoja na konvata na chupa ya Quink. Safari nitaishika nikifika Dar.

Likizo ya Desemba niiache Metropolitan na wino?

FundiNibu

Hapana. Kifuniko chake ni cha kubana tu, hakina kile kikombe cha Preppy. Siku ya kufunga shule rudisha wino kwenye chupa kama ni msafi, osha mpaka maji yawe meupe, funga nibu kwa kitambaa cha pamba kinyonye unyevu usiku mmoja, kisha ihifadhi. Preppy iache ilivyo, ila ibane kifuniko mpaka usikie kimelia.

Na huko kusita kwa asubuhi kwa kalamu ya mwenzako, jaribu kuilaza usiku badala ya kuisimamisha nibu ikiwa juu. Ikiendelea, shida ni kifuniko chake, acha kugusa nibu.