Mjadala: Picha ya nukta ya Pemba kwenye blokucheni, nukta ziuzwe au zigawiwe kwa zamu?

Mleta mada, Wete
Assalaam aleikum jamaa zangu. Nalileta hapa kwa sababu kikaoni Jumamosi tulizozana hadi adhana ya Magharibi na hatukufika pahala. Vijana wa kikundi chetu wanataka tuchore picha moja ya pikseli, yaani vinukta vya rangi, mlango wa Kizanzibari na pindo la kanga. Kila mtu aweke nukta yake, ailipie, na iandikwe kwenye blokucheni, lile daftari la mtandaoni linalotunzwa na kompyuta nyingi, lisilofutika. Pesa, wanasema, ziende kwa wasuka ukili. Picha naitaka. Njia ndiyo naipinga.

Mfano wao kila siku ni r/place, ule uwanja wa kuchora kwa pamoja waliofungua mtandao wa Reddit Aprili 2017: pikseli 1,000 kwa 1,000, rangi 16, saa 72, watu zaidi ya milioni moja. Sawa. Lakini pale hakuna aliyetoa hata thumni. Kilichotozwa kilikuwa subira: ukishaweka nukta, ungoje dakika 5 mpaka 20 ndipo uweke nyengine. Tajiri na fukara wote nukta moja moja, na aliyetaka kuchora bendera ilimpasa atafute wenziwe. Ukitoa subira ukatia bei, umebadilisha mchezo mzima. Mama anayesuka ukili Micheweni atanunua nukta ngapi? Na mgeni mmoja aliyefikia hoteli Nungwi? Picha itakuwa ya jina letu na mkono wake.

Hebu nipingeni.

Kijana wa programu, Kwerekwe
Kaka, nakuheshimu, lakini umeruka jambo. Seva ya r/place, yaani kompyuta inayoiweka, ni ya kampuni, walipotaka kufunga walifunga. Iliporudi Aprili 2022, saa za mwisho wakaacha rangi nyeupe peke yake, na turubai yote ikafutika kwa mikono ya wachoraji wenyewe. Sie hapa tumeona Beit al-Ajaib, jumba la 1883, upande mmoja umeporomoka Disemba 2020 tukibaki kutazama. Nataka kitu ambacho hakuna ofisi itakayokizima. Na asiniletee mtu habari ya umeme: Ethereum, blokucheni tunayoitaka, tangu Septemba 2022 haichimbwi tena kwa zile mashine zinazokula umeme, matumizi yameshuka kwa zaidi ya asilimia 99.

Muuza duka, Darajani
Mtu anunue nukta. Nukta! Haya.
Huko kwenye blokucheni hulipwa kwa sarafu za kidijitali, na Benki Kuu ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi hazitambuliki nchini. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaja na kodi ya zuio asilimia 3 kwenye kuhamisha mali za kidijitali. Yaani mtoto hajatambuliwa na baba, lakini karo anadaiwa. Hao wanunuzi watalipia njia gani, na siku ya kuulizwa ataitwa nani?

Mshona kofia, Mkoani
Wanangu, hayo mablokucheni siyajui, kofia ya viua naijua. Kila kiua tundu lake, na ukikosea unafumua. Basi nauliza: nukta ikikosewa inafumuliwa? Mjukuu wangu ananambia haifumuliki. Akija mhuni akatia tusi katikati ya mlango, maana wahuni hawakosekani, tutakaa nalo milele?

Na la pili. Michoro ya kofia zetu si ya mtu mmoja, mie nimeipokea kwa mama yangu mkubwa. Akiibandika mtu huko, ndiye ataonekana mwenyewe? Wa kwanza kubandika si wa kwanza kushona.

Kijana wa programu, Kwerekwe
Shikamoo bibi. Tusi linaweza kufunikwa kwa nukta nyengine, ila kumbukumbu ya ile ya chini inabaki, anayechimba ataiona. Hapo umenishika. La umiliki pia ni kweli: blokucheni inathibitisha nani ameandika na lini, haithibitishi kuwa alichoandika ni chake. Hilo ni la COSOZA, wale wa hakimiliki Zanzibar, na Sheria ya Hakimiliki ya 2003.

Mwalimu, Chake Chake
Hata hilo neno "ipo kwenye blokucheni" tuliangalie vizuri. NFT, zile hati za umiliki wa picha zinazouzwa kwenye blokucheni, nyingi huko ndani zina kiungo tu, picha yenyewe imekaa kwenye seva ya mtu. Seva ikizimwa, umebaki na risiti. Hata CryptoPunks, vile vichwa 10,000 vya pikseli 24 kwa 24 vilivyotoka 2017, picha zake ziliingizwa kwenye blokucheni mwaka 2021.

Mumtizame na Alex Tew, yule Muingereza aliyeuza pikseli milioni moja kwa dola moja moja mwaka 2005. Ukurasa upo hadi leo, lakini bonyezeni matangazo yake muone mangapi yamekufa. Na kwa sura, mnisamehe, ni jaa la mabango. Nilipowaonesha wanafunzi wangu skuli, mmoja aliniuliza picha yenyewe iko wapi.

Mleta mada, Wete
Mwalimu umenipunguzia kazi. Sasa pendekezo.

Mkeka tunaufanyaje? Kila mmoja anasuka ukili wake kwao, barazani, anafumua akikosea, anaacha akienda kupika. Ukili ukishatosha ndipo unashonwa mkeka. Basi nukta tuziweke bure, kwa zamu, kwenye seva ya kawaida, hata kwenye karatasi ya miraba kule skuli, mwezi mzima, na watu wafute wakitaka. Tukiridhika, tunashona mara moja.

Hesabu nimeipiga. Picha ya 64 kwa 64 ni nukta 4,096. Kwa rangi 16, kila nukta ni nusu baiti, picha yote kilobaiti 2. Inaingia nzima, si kiungo. Kwenye Ethereum muamala wowote unaanzia uniti 21,000 za gesi, kipimo cha ada ya kuandika, hata kabla hujaandika kitu. Nukta 4,096 moja moja ni zaidi ya milioni 86. Kilobaiti 2 kwa mkupuo hazifiki milioni 2. Hiyo tofauti ndiyo mnayotaka kuwapelekea wasuka ukili? Inaishia njiani.

Kijana wa programu, Kwerekwe
Hesabu nimeipitia, iko sawa. Lakini kila mtu akiandika nukta yake, hakuna mkubwa. Ukishona mara moja, yupo mwenye sindano. Ufunguo wa pochi, ile namba ya siri ya kutilia saini muamala, atashika nani? Wewe?

Mleta mada, Wete
Asishike mmoja. Funguo tano, watatu wakitia saini ndipo ipite. Watano wenyewe tuwachague hadharani.

Muuza duka, Darajani
Kama mfuko wa mazishi. Hiyo naifahamu.

Mshona kofia, Mkoani
Wawili kati ya hao watano wawe washonaji, nami nimo. Ila simu yangu ni kitochi. Hiyo saini nitaitia vipi?