Mshindi wa mnada hajalipa: nimwekee alama nyekundu au nimwache?

Nakshi wa Langoni (Lamu):
Assalam aleikum wakubwa kwa wadogo. Naomba ushauri, na wenye kejeli wapite tu.

Nauza kazi za mbao: visanduku, fremu za vioo, marfaa za kuwekea msahafu. Ndugu yangu ndiye fundi, mimi ni mtu wa simu na picha. Twauzia kwenye kundi moja la mnada mtandaoni. Mnada hufungwa Alhamisi usiku, na mwenye dau la juu ana siku mbili za kulipa. Biashara ikiisha kila mmoja humwekea mwenzake alama, kijani au nyekundu, na maneno machache chini yake.

Mwezi uliopita niliweka kisanduku cha mbambakofi, nakshi pande zote, kifuniko kimepigwa njumu za shaba. Bwana mmoja akapandishana dau na dada wa Malindi hadi 14,500, akashinda yeye. Akaniambia "kesho inshallah". Kesho ikawa keshokutwa. Kisha akataka nitume mzigo kwanza hadi Mombasa, aukague stendi ndipo alipe. Sasa mzigo kutoka huku ni boti mpaka Mokowe, halafu basi. Akiukataa, nauli ya kwenda na kurudi ni yangu. Nikamwambia haiwezekani. Tangu hapo tiki za buluu naziona, jawabu sipati.

Nataka kumpa nyekundu. Tabu ni kwamba naye ni muuzaji humo humo, ana kijani kibao, mimi zangu za kuhesabika. Akinirudishia nyekundu nimekwisha. Ndugu yangu asema bora tubandike picha yake na namba yake ya simu, watu wamjue. Nifanyeje?

Bi Kofia (Lamu):
Mwanike! Mimi kofia moja ya vito naishona miezi, halafu mtu aje kushinda mnada kwa mchezo na kulala zake? Hawa ndio wanaotufukuzia wateja wa kweli.

Mzee wa Shela:
Bi Kofia, taratibu mama. Mwanangu Nakshi, ulimwandikia siku ya mwisho ya kulipa, au mlikuwa mnaambiana "lini" na "kesho" tu? Huenda mtu kafiwa, huenda kaishiwa. Mpe siku maalumu kwa maandishi. Akipitisha, huna lawama.

Mswahili wa Sheria (Mombasa):
Picha na namba ya simu usithubutu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Namba alikupa kwa ajili ya biashara, hakukupa uitangaze. Ukiongeza neno "tapeli" na huwezi kuthibitisha kwamba alikusudia kukuibia, yeye ndiye atakayekuwa na kesi, tena juu yako.

Kwa upande wa haki yako: Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema mauzo ya mnada hukamilika mnadi anapogonga nyundo au kutoa ishara nyingine iliyozoeleka. Kabla ya hapo mwenye dau ana ruhusa ya kuliondoa. Naona admini akiandika "umefungwa", hiyo ndiyo nyundo yenu. Baada ya hapo ni deni. Lakini mali ni yako kuishikilia mpaka ulipwe, na ukimpa ilani kwamba utauza upya, akakaa kimya muda wa kutosha, uza. Mahakama ya madai madogo ipo na inapokea madai hadi shilingi 1,000,000, ila kwa 14,500 na mzigo bado uko kwako, sioni sababu ya kujichosha.

Baharia wa Mtandao (Malindi):
Kaka, hofu yako ya kurudishiwa nyekundu si ngeni. eBay, lile soko la mnada la mtandaoni, walianza mambo ya alama 1996, kila upande unamhukumu mwenzake. Ikafika mahali wauzaji wanashikilia alama zao, wanangoja mnunuzi atangulie: ukinipa mbaya nakupa mbaya. Wanunuzi wakaogopa kusema kweli. Mwaka 2008 eBay wakakata mzizi, muuzaji akanyimwa ruhusa ya kumpa mnunuzi alama mbaya. Mpaka leo anaweza kumpa nzuri tu, au akae kimya.

Wauzaji walipiga kelele sana, nami naona kelele zao zilikuwa na haki nusu. Kwa sababu mnunuzi asiyelipa hakuachwa hivi hivi. Zikipita siku nne bila malipo, muuzaji hufuta mauzo kwa sababu hiyo, na kosa huandikwa kwenye akaunti ya mnunuzi. Muuzaji mwengine anaweza kuweka sharti kwamba wenye makosa hayo ya mara kwa mara wasiguse minada yake. Na kile kisanduku unaweza kumpa aliyekuwa wa pili kwa dau lake mwenyewe, si kwa lile la mshindi.

Hapo ndipo penye faida. Nyekundu haitakuletea hata shilingi. Yule dada wa Malindi aliishia ngapi?

Nakshi wa Langoni:
14,200. Sikumfikiria kabisa, wallahi.

Bi Kofia:
Mia tatu tu! Na wewe wapoteza usingizi?

Mama Barani (Malindi):
Mimi nasema dawa ni arbuni. Kabla mtu hajaweka dau, atume kidogo. Wa mchezo watajichuja wenyewe.

Mzee wa Shela:
Arbuni sawa, ila angalieni. Sisi ni wa madhehebu ya Shafi, na wanavyuoni wetu hawakubali muuzaji kuila arbuni mnunuzi akighairi. Kwa Hanbali inajuzu. Ulizeni msikitini kabla hamjaandika masharti, isije ikawa mnakimbia moshi mkaingia motoni.

Mama Barani:
Shukran ami. Basi iwe inarudishwa, lakini admini ndiye anayeishika. Mtu wa mchezo hatatuma hata senti.

Nakshi wa Langoni:
Nimemtumia hivi: "Ukitolipa kufikia Jumamosi saa sita mchana, nitamuuzia mwengine." Ameisoma, kimya. Jumamosi ikipita nitaandika hivi kwenye alama, nisahihisheni: "Tapeli huyu alishinda mnada hakulipa, muogopeni."

Mswahili wa Sheria:
Toa "tapeli", toa "muogopeni". Andika: "Alishinda mnada kwa 14,500. Hakulipa ndani ya siku mbili. Alikumbushwa kwa maandishi, hakujibu. Kimeuzwa kwa mwengine." Weka na tarehe. Picha za mazungumzo zihifadhi, usizitangaze, mpe admini akiziomba.

Baharia wa Mtandao:
Na kabla hujaiweka, mfuate admini. Mwambie mnada umefutwa kwa kutolipwa, na uombe kwamba asiyelipa asihesabiwe alama yake. Hana biashara aliyoifanya, ataipimia nini? Pia kuna ujanja wa Airbnb, mtandao wa kukodisha nyumba kwa wageni, tangu 2014: maoni ya mgeni na ya mwenyeji hayaonekani mpaka wote wawili waandike, au zipite siku 14. Hapo hakuna wa kulipiza, maana hujui umeandikiwa nini. Kundi la simu halina mtambo huo, lakini wote mnaweza kumtumia admini alama zenu, naye akaziweka kwa pamoja.

Bi Kofia:
Admini mwenyewe ni shemeji yake huyo bwana au vipi? Hayo nayo yaangaliwe.

Nakshi wa Langoni:
😂 Hapana, admini ni mtu wa Mkomani, namjua. Nimeshazungumza naye, amekubali asiyelipa asiweke alama. Nyekundu yangu naweka Jumamosi jioni kwa maneno ya Mswahili wa Sheria. Dada wa Malindi nimemuuliza kama bado ataka kwa 14,200, asema amuulize mumewe.

Kijana wa Watamu:
Mume akikataa, mimi nipo. 13,000, nalipa kabla hakijavuka Mokowe.

Nakshi wa Langoni:
13,500 na kufuli lake.