Lami ya kompaundi imechakaa: viraka, tabaka jipya au kabro? Tupeane uzoefu

Wa Lang'ata (mwanzilishi)
Wenzangu, naomba msaada wa waliopitia. Lami ya kutoka getini hadi gereji hapa kwetu Nairobi iliwekwa zamani, wazee wetu wakiwa bado kazini. Sasa imepauka, ukingo wa upande wa ua unamegeka, na karibu na geti nyufa zimejaa hadi vipande vinacheza gari likipita. Kila fundi anayeitwa ana dawa yake. Mmoja anataka kuziba viraka, mwingine kutandaza tabaka jipya juu, mwingine kung'oa yote aweke kabro, yale matofali ya zege ya kutandika chini. Wote wamepima upana na urefu, hakuna aliyeuliza kilicho chini. Bei tutajadili baadaye. Nataka kusikia ulikuta nini kwako, uliamua nini, na baada ya misimu ya mvua hali ikoje.

Mama Embakasi
Pole, hilo nalijua vizuri. Sisi huku tuko kwenye udongo mweusi, ule unaovimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka hadi mkono unaingia ufani. Lami yetu ungeitazama Januari ungesema haina shida. Ikifika Mei imeinuka katikati na kushuka pembeni. Tuliziba viraka, vikang'oka vizima vizima.

Kilichotuokoa ni mzee mmoja fundi aliyekataa kutoa bei kabla ya kuchimba shimo. Alichimba ubavuni mwa lami akakuta murram (ule udongo wa changarawe wa kujengea msingi) nyembamba isiyofika hata upana wa kiganja, na chini yake udongo mweusi mtupu. Tukautoa. Tukajaza hadikoo, yaani mawe makubwa ya msingi, juu yake murram iliyomwagiwa maji na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, kisha vumbi la kokoto na kabro. Pesa nyingi zilikwenda kwenye kuchimba na kusomba udongo, si kwenye kabro zenyewe.

Jirani yangu alilaza kabro kutoka kiwanda kilekile juu ya udongo wake kama ulivyo. Baada ya mvua za Aprili 2024 zina mawimbi, na mtoto hawezi kuendesha baiskeli pale. Kwa hiyo anayekuambia kabro ni dawa ya udongo mweusi, mwambie achimbe shimo kwanza mtazame pamoja.

Loresho Juu
Kwetu ni udongo mwekundu na mambo yalikuwa tofauti kabisa. Lami ilikuwa kijivu, imeparara, ina nyufa nyembamba, lakini ukiikanyaga haichezi. Tulisafisha nyufa, tukazijaza lami ya moto, halafu likaja tabaka jipya la sentimita 4. Hadi leo iko sawa. Jambo moja tu la kuangalia: tabaka jipya huinua uso wa njia. Fundi wetu alikwangua lami ya zamani mbele ya gereji na chini ya geti kabla ya kumwaga mpya, la sivyo geti lingekwama na maji yangeingia gereji. Muulize wako atafanyaje hapo.

Mtu wa Rola
Kazi yangu ni lami, niongezee hapo. Soma nyufa kabla ya kumsikiliza fundi yeyote, hata mimi.

Ufa mmoja mrefu mwembamba ni uzee. Jua limeikausha lami, imekuwa ngumu, inakatika. Huo unasafishwa na kujazwa, basi. Lakini mtandao wa nyufa ndogondogo kama ngozi ya mamba, tena pale tairi zinapopita, maana yake msingi umeshindwa. Hata uweke tabaka jipya la sentimita 5 juu yake, nyufa zilezile zitapanda. Na ukiona lami imelainika mahali gari linapolala, hiyo ni oili au dizeli inayodondoka. Lami yenyewe hutokana na mafuta ghafi, ndiyo maana mafuta huiyeyusha. Kata kipande hicho, kitoe, weka kipya.

Halafu siku ya kumwaga. Lami ya moto hutoka kiwandani ikiwa karibu nyuzi 150 za selsiasi. Ikishuka chini ya 90 hivi, rola linapita bure, haishikani tena. Kompaundi ndogo haijazi lori, na hapo ndipo wanapokuja watu wakikubembeleza kwamba wana mzigo uliobaki kwenye barabara fulani, watakuuzia rahisi leo leo. Mzigo huo umezunguka mjini, umepoa. Usiupokee. Afadhali shirikianeni na majirani wenye shida hiyohiyo, muagize lori moja siku moja. Na wakianza kumwaga juu ya murram yenye vumbi bila kwanza kupulizia lami nyepesi ya kushikisha, wasimamishe.

Mhazini wa Koti
Mimi naongea kwa niaba ya koti yetu, yaani nyumba zinazotumia njia na geti moja, Buruburu. Njia ni ya nyumba nyingi na uamuzi wetu haukutokana na udongo, ulitokana na majembe. Leo bomba la maji limepasuka, kesho wanapitisha waya wa intaneti, wiki ijayo maji taka yamerudi nyuma. Kila wakichimba wanaacha kovu kwenye lami, na hakuna anayerudi kuliziba. Tulichagua kabro kwa sababu zinainuliwa, kazi inafanyika chini, zinarudishwa palepale.

Tulichukua za milimita 80, ingawa mchuuzi alisisitiza za 60 zinatosha gari dogo. Zingetosha kweli kama ni gari dogo tu linaloingia. Kwetu linaingia lori la maji wakati mabomba yamekauka, na lori la kunyonya maji taka pia. Mkipiga hesabu, zile za mstatili wa milimita 200 kwa 100 ni 50 kwa kila mita ya mraba. Hesabuni wenyewe zikishushwa.

Ruaka Mteremkoni
Mteremko mkali: kabro bila mawe ya ukingo yaliyokazwa kwa zege hutambaa kwenda chini. Sisi tuliishia zege yenye mistari ya kushika tairi. Haipendezi sana, lakini gari linapanda mvua ikinyesha.

Wa Lang'ata (mwanzilishi)
Asanteni sana. Nimechimbisha mashimo mawili kama Mama Embakasi alivyosema. Katikati ya njia kuna murram nene, ngumu, sululu inagonga na kurudi. Karibu na geti ni hadithi nyingine: udongo mweusi umechanganyika na murram, na umelowa ingawa hakujanyesha kwa muda. Nimefuatilia nikakuta bomba la maji ya paa linamwaga palepale ubavuni, na bustani nayo inamwagiliwa upande huo. Pia kuna mgrevilea, mizizi yake imeinua ukingo.

Mtu wa Rola
Basi huna haja ya kung'oa yote, na anayekuambia ung'oe anatafuta kazi kubwa. Sehemu ya katikati izibe nyufa, uiwekee tabaka jipya. Ya getini ikate kwa msumeno, mstari ulionyooka, utoe kila kitu hadi ukute udongo mkavu mgumu, ujaze upya. Mizizi usiikate ovyo, mti ukilegea utaangukia nyumba au ukuta. Afadhali kusogeza ukingo wa njia kidogo upande ule.

Lakini usiguse lami kabla ya maji. Ukijenga upya huku bomba linamwaga palepale, mwakani tutazungumza tena haya haya.

Mama Embakasi
Haswa. Na uso mpya uinamishwe, usiwe bapa. Sisi tulipewa sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea upande usio na nyumba.

Wa Lang'ata (mwanzilishi)
Sawa. Hilo bomba la paa nilitoeje pale? Na niwahi lini?

Mtu wa Rola
Chimba mfereji kando ya njia, upana wa sentimita 30 unatosha, uteremke angalau sentimita 1 kila mita. Tandika kokoto, juu yake bomba la plastiki lisilo na matundu kwa maji ya paa, yaende moja kwa moja hadi mtaro wa barabara. Usiyaelekeze kwa jirani. Kazi ya mfereji na kujaza pale getini ifanye Januari au Februari. Mvua za Machi hadi Mei ziache zipite juu ya murram iliyoshindiliwa, uone kama kuna mahali panatitia au maji yanasimama. Paliposhuka ongeza murram, shindilia tena. Lami iite Julai, kukiwa kukavu.