Mimba ilitunga nje, zahanati ikasema UTI: muda wa kudai fidia ni upi?

Kijana_wa_Makorora: Wakuu, habari za jioni. Mke wangu alishikwa na tumbo la chini, upande mmoja. Zahanati binafsi hapa Tanga wakapima mkojo, wakasema UTI, wakamchoma sindano. Baada ya siku chache akazimia chooni. Hospitali ya Bombo wakakuta mimba imetunga kwenye mrija wa uzazi, umepasuka, damu imejaa tumboni. Mrija umekatwa. Nauliza tu: muda wa kudai mahakamani ni upi?

Mama Tunu: Pole baba. Mdogo wangu yeye lilimuuma bega, sisi tunamkanda mafuta ya nazi, kumbe damu inavujia tumboni! Sasa ana mtoto kwa mrija uliobaki. Mkeo asilale feni ikimpiga.

Nesi_wa_Zamu: Mwanamke wa umri wa kuzaa akija na tumbo, unaanza na kipimo cha mimba. Mkojo ule ule waliopima UTI ungetosha.

Abuu_Pongwe: Mtoto hutoa Mungu. Siku hizi kila msiba mnautafutia hela.

Wakili_Chumbageni: Miaka 3. Ingekuwa hospitali ya serikali, ungetanguliza notisi ya siku 90. Baraza la Madaktari Tanganyika linashughulika na nidhamu na leseni ya daktari; fidia utaifuata mahakamani. Kuna karatasi yoyote mmesaini?

Kijana_wa_Makorora: Hilo si swali langu.

Wakili_Chumbageni: Ndiyo maana nauliza.

Kijana_wa_Makorora: Ipo. Mwenye zahanati alinipa milioni moja na nusu ya pole, nikasaini kwamba hatuna madai. Msinirukie. Nilikuwa na madeni ya matibabu, na yule mzee tunaswali msikiti mmoja. Mke wangu hajui. Yeye ndiye anataka kushtaki.

Mgosi_Mlalo: Mgosi, iliyobaki umenunua nini?

Kijana_wa_Makorora: Pikipiki. Ya familia.

Mgosi_Mlalo: Mrija mmoja, magurudumu mawili. Umepata faida.

Nesi_wa_Zamu: Hapo hapachekeshi.

Wakili_Chumbageni: Mwenye madai ni aliyekatwa. Kama hakukutuma umsainie, sahihi yako haimfungi. Ila karatasi hiyo wataitoa mahakamani, na ataisikia mbele ya hakimu. Mwambie wewe kwanza.

Kijana_wa_Makorora: Nikimwambia anarudi kwao. Nilitaka kesi iishe kimyakimya.

Paka_wa_Raskazone: Subirini. Mwezi wa tano huyu huyu alifungua uzi anatafuta mchumba Muheza, "sijawahi kuoa". Tumeliwa.

Mama Tunu: Na ushauri wangu wa feni nimeutoa bure!

Abuu_Pongwe: Nilisema mimi.

Mgosi_Mlalo: Ulisema lini? Wewe ulitoa hotuba.

Kijana_wa_Makorora: Ule uzi aliandika binamu yangu, simu alikuwa nayo yeye.

Paka_wa_Raskazone: Basi weka picha ya karatasi, majina uyafunike.

Nesi_wa_Zamu: Katunga au hakutunga, mrija hupasuka kweli. Hedhi imechelewa na tumbo linauma upande mmoja, dada usisubiri kesho.

Kijana_wa_Makorora: Wakili, nakufuata pembeni. Habari ya Muheza usiniulize.