MREJESHO: Kutoka na mtoto Bogotá tukisubiri karatasi za kuasili

Wapendwa asanteni sana, niliuliza tumpeleke wapi dogo tuliyekabidhiwa huku Colombia. Tulifuata ushauri wa Ciclovía, ile Jumapili barabara kibao zinafungwa magari saa 1 asubuhi hadi saa 8 mchana, ni baiskeli na miguu tu, basi dogo kakaa mabegani kwa baba yake anakula embe la chumvi na limao, juisi inamchuruzikia baba shingoni, ndo tukamsikia anacheka kwa sauti mara ya kwanza jamani nililia. Mlima wa Monserrate hapo mjini ulishindikana, ni mita 3,152 juu ya usawa wa bahari na alipoona kile kibanda cha kebo kinaning'inia akagoma, tukageuza. Aliyesema tuwahi kurudi alale, Mungu akubariki, ilisaidia mno. Wenye wadogo anzeni na Ciclovía.