Naomba ushauri: Fawlty Towers au Friends, ipi iwe juu?

Wandugu wa Lubumbashi, nisaidieni kupanga tamthilia za vichekesho bora za wakati wote. Fawlty Towers ya Uingereza ina vipindi 12 tu, vya 1975 na 1979, na sioni kilicholegea. Friends ya Marekani ina 236, 1994 hadi 2004. Kwa wingi huo lazima vingine vipwaye. Tupime kwa wastani au kwa kilele?

Halafu kuna sauti za Kifaransa zinazowekwa badala ya Kiingereza. Seinfeld, nayo ya Marekani, inategemea maneno, kwa hiyo ikitafsiriwa utani mwingi unakufa. Basil, mwenye hoteli wa Fawlty Towers, akichapa gari lake kwa tawi la mti, hata asiyejua Kiingereza anacheka. Ma Famille ya Akissi Delta, ya Côte d'Ivoire, ilitengenezwa kwa Kifaransa moja kwa moja, haipotezi kitu. Kwangu inastahili tano bora. Mnaiweka ya ngapi, na kwa kipimo gani?