Faiba leza ya kukatia bati, miwani hii inatosha?

fundi_chuma: Wakuu habari, nimefunga faiba leza ya wati 1500 karakana yangu hapa Dar, kibandiko kinasema klasi 4 (daraja la leza hatari zaidi), ila miwani niliyopewa ni ya kijani haina hata namba moja, nianze kazi?

mzee_wa_usalama: Usiiwashe ndugu yangu! Mwanga wake ni nanomita 1060 mpaka 1080, jicho haliuoni ila unafika kwenye retina, yaani ngozi ya ndani nyuma ya jicho inayopokea mwanga, hata ule unaoruka kutoka kwenye bati unaunguza. Miwani lazima iandikwe nanomita inazozuia na OD yake, yaani kipimo cha jinsi inavyopunguza mwanga huo. Halafu sajili karakana OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, sheria ya 2003 inataka.

dada_karakana: Na swichi ya mlango, ile inayozima leza mlango ukifunguliwa, msiichezee jamani, kijana wetu aliiunga waya isizime, mpaka leo ana doa katikati ya jicho.

fundi_chuma: Nimezima, asanteni.